Boti ndiyo inakuinua: maana ya kuanzia majini

Ukiona video ya mtu anateleza ziwani nyuma ya boti kwa skii, zile mbao mbili ndefu za kuvaa miguuni, unadhani kazi yote iko kwenye kusimama, na ndo maana wengi siku ya kwanza wanakosea palepale, boti ikianza kuvuta tu mtu anaivutia kamba kifuani, ananyoosha magoti asimame haraka, chali. Anarudia, chali tena, mpaka mikono inaisha nguvu na anatoka akisema huu mchezo ni wa wenye misuli. Sio kweli kabisa, na ndo nataka nieleze kuanzia majini maana yake ni nini hasa.

Kuanzia majini ni kuwa unaanza ukiwa unaelea, laifu jaketi limekushika, umekunja magoti kama mtu aliyechuchumaa, ncha za skii zimetokeza juu ya maji na kamba inapita katikati yake, mikono imenyooka. Halafu unangoja. Boti inaondoka, kamba inakaza, maji yanaanza kusukuma chini ya skii, na spidi ikiongezeka yale maji yanakunyanyua yenyewe. We kazi yako ni kubaki umejikunja hivyohivyo mpaka uwe juu, ukishahisi skii zinateleza ndo unainuka taratibu, na magoti yabaki yamelegea kidogo.

Kwa nini inafanya kazi? Kumbuka utotoni mlivyokuwa mnarusha kijiwe bapa kinadunda juu ya maji. Ukikirusha kwa nguvu kikiwa kimelala na kimeinua mbele kidogo kinaruka, kikiishiwa spidi kinazama. Skii ni hivyohivyo, maji hayakubebi kwa sababu mbao inaelea, yanakubeba kwa sababu inapita juu yake kwa kasi ikiwa imeinama kidogo. Sasa ukisimama mapema wakati spidi bado ndogo, uzito wote unashuka kwenye ubao ambao bado hauna kitu cha kuubeba, unazama. Na ukivuta mikono kamba inalegea sekunde moja, halafu boti inaikaza kwa mshtuko na inakunyang'anya kishikio.

Kilichonifurahisha ni kwamba hata aliyeanzisha huu mchezo alipita njia hiyohiyo. Ralph Samuelson, kijana wa Lake City kule Minnesota, Marekani, mwaka 1922 alikuwa anajaribu kusimama kwenye Lake Pepin, hilo ziwa ni sehemu ambapo mto Mississippi unatanuka. Alijaribu mbao za pipa, zikakataa, akajaribu skii za theluji, zikakataa, akanunua mbao mbili za msonobari za kama mita 2.4 akachemsha ncha zake ili azikunje juu. Kaka yake ndo alikuwa anaendesha boti. Na bado alikuwa anazama kwa sababu alianza na skii zikiwa zimelala sawa na maji. Tarehe 2 Julai, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, akaegemea nyuma akainua ncha, akatoka! Kwa hiyo ukiambiwa "inua ncha, egemea nyuma" jua kuna mtu aliitafuta hiyo siri kwa kuanguka sana.

Wekibodi, mchezo mwingine wa kuvutwa na boti, wazo ni lilelile, ila ubao ni mmoja na miguu yote imefungwa juu yake, unaanza umeuweka kiubavu mbele yako, ukishatoka ndo unaugeuza mguu mmoja uelekee boti. Spidi yake ni ndogo kuliko ya skii, mtu mzima anayejifunza skii mara nyingi anavutwa kilomita 35 hadi 40 kwa saa. Tyubu, yani mpira mkubwa uliojazwa upepo unaovutwa na boti, haihitaji kujifunza kitu, unalala unashika, lakini naomba watu wasiidharau, maana kwenye tyubu huna uwezo wa kujiongoza, dereva akikata kona kali unarushwa tu, kwa hiyo mwambie mapema aende polepole.

Na hapa niseme ukweli, mtu muhimu kuliko wote ni yule anayekaa kwenye boti akiangalia nyuma. Dereva anaangalia mbele, hawezi kukuona ukianguka. Minnesota kisheria lazima awepo huyo mtu au boti iwe na kioo kipana cha kuangalia nyuma. Kabla hamjaondoka kubalianeni ishara: dole gumba juu ongeza spidi, chini punguza, kupiga kichwa kwa kiganja nataka kurudi. Ukianguka achia kamba, usiing'ang'anie, na usiizungushe mkononi hata siku moja. Ukiibuka onyesha kuwa uko salama, halafu inua skii moja juu ili boti nyingine zikuone, maana kichwa cha mtu kwenye ziwa pana ni kidogo mno. Nenda asubuhi kama unaweza, maji yanakuwa yametulia kabla upepo haujaanza.

Kwa wanaotaka kujaribu kwenye maziwa yetu, Victoria kwa mfano ina kichocho, na konokono wake wanakaa kwenye majani ya kando ya maji, yani palepale unapotaka kusimama ukivaa skii. Pandia kwenye boti, rukia maji mbali na majani, na waulize wavuvi wa hapo kuhusu mamba na viboko, wao wanajua kuliko mwenye boti. Ukiwa na wasiwasi kapime, dawa yake ipo.

Na boti ikija kukuchukua usisogelee ngazi mpaka injini imezimwa kabisa, sio kuwekwa nyutro, imezimwa.