Je, wajua kwa nini dengue huvamia hata vijiji vikavu?

Waulize watu mbu wanatoka wapi, wengi watakuonyesha dimbwi, mtaro au kinamasi. Kwa mbu wa malaria jibu hilo linafaa. Kwa mbu wa dengue linapotosha, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu kijiji kikiwa kikavu wakazi wake hujiona salama wakati mbu wanazaliana mle mle majumbani mwao.

Newala, iliyo juu ya uwanda wa Makonde, ni mfano mzuri. Uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, una shida ya maji tangu zamani. Mvua hunyesha ikazama ardhini, na chemchemi ziko chini kwenye miteremko. Ndoo ya maji iliyopandishwa mlima kichwani haimwagwi ovyo. Huwekwa ndani na kutumiwa kwa kubana. Mwaka 1952 uwanda huo ulikumbwa na mlipuko wa homa kali iliyoambatana na maumivu makali ya viungo, na kwa dalili zake ilifanana sana na dengue. Watafiti Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha taarifa zao kuhusu mlipuko huo mwaka 1955. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kuwa virusi vyenyewe vilikuwa vingine, ndivyo tunavyoviita leo chikungunya. Lakini mbu aliyetuhumiwa ni yule yule anayeeneza dengue, Aedes aegypti, na makazi yake yalikuwa maji ya akiba majumbani. Uhaba wa maji ndio uliomkaribisha mbu.

Mtazame kwa karibu utaelewa. Ni mweusi, miguu yake ina pete nyeupe, na mgongoni ana mistari myeupe iliyopinda. Jike akishashiba damu hutafuta chombo chenye maji yaliyotulia, hasa kivulini: mtungi, pipa, jaba, ndoo, tairi bovu, hata kifuu cha nazi kilichotupwa nyuma ya jiko. Hatagi juu ya maji. Hutua kwenye ukuta wa ndani wa chombo, pale penye unyevu juu kidogo ya maji, akayabandika mayai yake moja moja. Ni meusi na madogo kama chembe za masizi, ukipitisha macho haraka huyaoni. Tena hayamalizi yote mahali pamoja. Ataacha machache kwenye pipa lako, machache kwenye ndoo ya jirani, mengine kwenye kopo lililoachwa uani.

Hapo ndipo penye siri ambayo natamani kila mwenye pipa aijue. Maji yakiisha na chombo kikakauka, mayai hayafi. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, yakiwa yameshikilia ukuta, yakisubiri. Siku chombo kikijazwa tena na maji yakafika pale yalipo, yanaanguliwa. Kwenye joto letu, baada ya siku saba hadi kumi hivi, viluwiluwi wameshageuka mbu. Ndiyo maana mama anaweza kumwaga maji, akasuuza pipa, akajaza mapya kutoka kisimani, na baada ya siku chache akakuta viluwiluwi wanacheza humo tena. Atadhani wametoka kisimani, kumbe walikuwa ukutani muda wote. Kusuuza hakutoshi. Lazima ukuta wa chombo usuguliwe kwa brashi au kwa dodoki, kuanzia mdomoni hadi chini, angalau mara moja kwa wiki, kabla kizazi kipya hakijapata mbawa.

Kuna jambo la pili linalowachanganya watu wa vijijini, nalo ni saa za kuumwa. Tumefundishwa kujikinga usiku, na vyandarua vimeokoa maisha ya watoto wengi sana dhidi ya malaria. Mbu wa dengue huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea machweo, wakati mtu anachambua mboga uani au mtoto yuko darasani. Akishauma hujificha ndani, chini ya kitanda au katikati ya nguo zilizotundikwa. Chandarua bado kina kazi, hasa kwa mtoto mchanga na mgonjwa wanaolala mchana, lakini peke yake hakiwezi kuizuia dengue.

Sasa virusi hufikaje kijijini? Si kwa mabawa. Aedes aegypti si msafiri. Wengi wao huishi na kufa ndani ya mita mia moja au mia mbili kutoka walipozaliwa. Wanaosafiri ni sisi. Mtu akishaumwa na mbu mwenye virusi huchukua kati ya siku 4 na 10 kabla homa haijamshika. Mlipuko wa mwaka 2019 nchini Tanzania ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 6,000, wengi wao Dar es Salaam, na kila siku mabasi yalikuwa yakiondoka jijini kuelekea mikoani. Abiria anapanda akiwa mzima kabisa, homa inamshika akiwa kwao. Akiumwa na mbu wa hapo, baada ya siku 8 hadi 12 mbu huyo naye anaanza kuambukiza.

Utafiti uliofanywa katika mkoa wa Khanh Hoa, Vietnam, na kuchapishwa mwaka 2011 ulinisaidia kuelewa kwa nini vijiji si salama. Waliokuwa hatarini zaidi hawakuwa wakazi wa maeneo yaliyosongamana kupita yote. Milipuko ilielekea zaidi kwenye maeneo yenye watu takriban 3,000 hadi 7,000 kwa kilometa moja ya mraba, yaani vijiji vya huko na pembezoni mwa miji, yasiyo na maji ya bomba. Katikati ya mji watu ni wengi zaidi, lakini bomba linatoa maji, kwa hiyo hakuna haja ya mapipa. Tusiwalaumu basi wanavijiji kwa kuhifadhi maji. Wanafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya.

Wavietnam hawakuishia kwenye utafiti. Katika kijiji cha Phanboi, kaskazini mwa nchi hiyo, mtafiti Vu Sinh Nam na wenzake walitia kwenye visima na matangi makubwa mdudu mdogo wa majini aitwaye Mesocyclops, mwenye urefu wa milimeta moja au mbili tu, ambaye hula viluwiluwi wachanga. Wanakijiji nao wakaondoa makopo na takataka zinazotuamisha maji. Hiyo ilikuwa mwaka 1993, na mbu wa dengue akatoweka kijijini hapo bila kumwaga dawa ya sumu kwenye maji ya kunywa. Njia hiyo ikapelekwa kwenye maeneo mengine ya nchi.

Zahanati ya kijijini ina kazi ngumu, kwani homa, kichwa kuuma na mwili kuchoka ni dalili za malaria pia. Kipimo cha malaria kikionyesha huna, usijitibu malaria kwa kubahatisha. Dengue haina dawa ya kuua virusi vyake. Mgonjwa hupewa maji ya kutosha na paracetamol. Aspirin, ibuprofen na diclofenac, ambazo wengi wetu hununua dukani mwili ukiuma, ziepukwe kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Na homa ikishuka baada ya siku tatu au nne, msiache kumwangalia mgonjwa, maana huo ndio wakati hali inaweza kubadilika ghafla. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, kuhema haraka, kutotulia: ukiona mojawapo, ni hospitali mara moja. Aliyewahi kuugua awe mwangalifu zaidi, kwani virusi vya dengue viko vya aina nne. Kupona aina moja hakukukingi na nyingine, na maambukizi ya pili ya aina tofauti yana hatari kubwa zaidi ya kuwa makali.

Mifuniko inayoziba sawasawa na brashi vinaweza kuanza kazi leo hii. Lakini mradi wa maji ukifika kijijini, ulizeni bomba litatoa maji siku ngapi kwa wiki. Bomba linalotoa maji mara mbili kwa wiki halimwondolei mtu haja ya pipa. Atanunua hata la pili ili ajaze siku yakitoka.