Elimu ya Uuguzi Tanzania: Darasa Limekua, Wodi Imefinyika

Anayetoka kidato cha nne akitaka stashahada ya uuguzi na ukunga huhitaji ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Husoma miaka mitatu, ngazi ya 4, 5 na 6 katika mfumo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Wa shahada husoma miaka minne na kuongeza mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya kazini chini ya usimamizi. Wote hukutana kwenye mlango mmoja: mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, usajili na leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Wazazi wanaolipa ada wasikie hili mapema: cheti cha chuo bila leseni hakimfanyi mtu kuwa muuguzi.

Zamani, katika hospitali za misheni na za serikali, mwanafunzi alikuwa pia mfanyakazi wa wodi. Alitandika vitanda, aliosha wagonjwa, alipokezana zamu, na masomo ya darasani yalikuja kwa vipande. Mfumo ule ulimchosha na mara nyingi ulimnyima sababu ya kile alichokifanya. Mitaala ya leo ya umahiri imempa sababu: fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi), famakolojia (elimu ya dawa), utafiti. Ilichomchukulia ni saa za kukaa na mgonjwa, na hapo ndipo tatizo letu kubwa lilipo.

Chukua dripu. Mgonjwa ameandikiwa maji mililita 1,000 kwa saa 8, na seti, yaani mrija wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita. Unazidisha 1,000 kwa 20, unagawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 hivi kwa dakika. Darasani karibu kila mwanafunzi hulipata. Wodini anachukua seti ya watoto ya matone 60 kwa mililita kwa sababu ndiyo iliyobaki kabatini, hasomi pakiti, anaweka matone 42 yaleyale. Mgonjwa sasa anapata mililita 42 kwa saa, na chupa ya saa 8 itachukua karibu saa 24. Hesabu ilikuwa sahihi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia asome pakiti kwanza. Dawa nazo ni vivyo hivyo. Jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 60 kutoka kichupa cha miligramu 80 ndani ya mililita 2 ni mililita 1.5, lakini mkono wa mwanafunzi aliyezoea kuona kichupa kizima kikivutwa huvuta mililita 2.

Mfano unaoumiza zaidi ni patografu, chati ya kufuatilia uchungu. Katika chati iliyozoeleka, alama zinaanza njia (mlango wa kizazi) ikifunguka kufikia sentimita 4. Mapigo ya moyo wa mtoto hupimwa kila nusu saa na njia hupimwa kila saa 4. Mstari wa tahadhari hukisia njia kufunguka sentimita 1 kwa saa, na mstari wa kuchukua hatua upo saa 4 kulia kwake. Chati hii ina maana ikijazwa wakati uchungu unaendelea. Mkunga mmoja akiwa na akina mama watano, huijaza baada ya mtoto kuzaliwa, kwa kukumbuka, na mistari inatoka mizuri mno. Mwanafunzi aliyesimama pembeni amejifunza kwamba patografu ni karatasi ya kukamilisha faili.

Msongamano unaongezeka kwa sababu inayoeleweka. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2020, lilikadiria dunia ina wauguzi milioni 27.9 na upungufu wa milioni 5.9. Jibu jepesi ni kudahili wengi. Madarasa hujengwa, lakini vitanda vya kujifunzia haviongezeki kwa kasi hiyo. Vyuo kadhaa vinapotuma wanafunzi hospitali moja ya mkoa asubuhi ileile, mmoja anazalisha na wengine wanachungulia, kisha wote wanaomba saini kwenye daftari la vitendo.

Baadhi ya suluhisho za tatizo hili hazihitaji bajeti kubwa. Ya kwanza ni zamu: akina mama hujifungua usiku pia, na usiku wodi haina foleni ya wanafunzi. Wapangwe jioni na usiku, mradi usafiri na usalama vishughulikiwe na chuo, si mwanafunzi mwenyewe. Ya pili ni muuguzi mlezi anayetajwa kwa jina kwenye ratiba ya zamu na kupunguziwa wagonjwa. Kumwongezea wanafunzi juu ya mzigo wake wote ni kumfanya awakimbie. Mkufunzi wa chuo naye afike wodini na kufanya kazi pale. Kupita kuhesabu mahudhurio hakumsaidii mtu. Saini ya daftari itolewe siku hiyohiyo, mbele ya mgonjwa au faili lake. Saini zinazokusanywa Ijumaa jioni kwa wiki nzima zikataliwe, hata kama mwanafunzi analia.