Burgundy nyekundu ikizeeka: usiihukumu kwa rangi

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu waini nyekundu ya Burgundy, ule mkoa wa Ufaransa, ni hili, "hii imeshaiva au bado?", na mara nyingi anayeuliza ameshajijibu mwenyewe kabla sijatia neno, kwa sababu ameinyanyua glasi kwenye taa akaona rangi imepauka na ukingoni imeshaanza kuwa ya tofali, basi anasema hii imekwisha habari yake. Mimi kuonja waini ndo kazi inayoniweka mjini, nanunulia hoteli na migahawa, na jambo ninalobishana na watu karibu kila siku ni hilo hilo. Burgundy nyekundu huwezi kuijua hali yake kwa macho. Pua nayo saa ingine inadanganya. Ulimi na fizi ndo mashahidi.

Tuanze na hiyo rangi maana ndo inawaponza wengi. Burgundy nyekundu karibu yote ni Pinot Noir, zabibu moja tu, na jambo hili ni la zamani sana, mwaka 1395 mtawala wa kule Philippe le Hardi alitoa amri zabibu ya Gamay ing'olewe kwenye mashamba yake kwa vile aliiona haifai. Pinot Noir ina ganda jembamba lenye rangi kidogo, kwa hiyo hata ikiwa changa kabisa unaweza kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Sasa mtu aliyezoea waini ya zabibu ya Cabernet kutoka Bordeaux, mkoa mwingine wa Ufaransa, ambayo inabaki nyeusi tii miaka na miaka, akikutana na Burgundy ya miaka kumi tu anadhani imechoka, kumbe ndo kwanza inaamka. Kinachotokea ndani ya chupa ni kwamba rangi na tanini, yaani vile vitu vinavyoleta ukakasi mdomoni, zinashikana, zinaachana, zinashikana upya, nyingine zinakuwa nzito zinazama chini na hayo ndo mashapo unayoyakuta kwenye chupa ya zamani, na hewa kidogo mno inayopenya kwenye kizibo inaisukuma kazi hiyo taratibu. Ule uzambarau wa ujana unaondoka, nyekundu inatulia, ukingo unageuka tofali. Pinot inafika hapo mapema na inaweza kukaa hapo miaka mingi ikiwa nzima kabisa.

Mimi kwenye rangi naangalia kitu kimoja tu, mng'ao. Waini iliyopauka lakini inang'aa, hiyo bado iko hai. Ikiwa imefubaa na ukahawia umeingia mpaka katikati ya glasi, hapo naanza kuwa na wasiwasi, ila hata hapo sisemi kitu mpaka nionje.

Sasa mdomoni. Kila aliyewahi kung'ata ndizi mbichi anaujua ukakasi, na ukakasi wa waini unatoka kwenye tanini za maganda, mbegu na wakati mwingine vikonyo vya zabibu, maana wako wazalishaji wanaochachusha zabibu na vikonyo vyake, kama Domaine Dujac wa Morey-Saint-Denis wanavyojulikana, na wako waliovikataa kabisa kama marehemu Henri Jayer wa Vosne-Romanée. Wengi wanajiuliza tu ukakasi upo au haupo. Mimi najiuliza uko wapi na unaishaje. Waini ikiwa changa unakamata fizi za mbele mara tu ikiingia mdomoni. Ikiendelea kukomaa ukakasi unakuwa mwembamba, unarudi nyuma, unakuja kuusikia pembeni mwa ulimi ukishameza, na unaondoka pamoja na ladha ya tunda. Hayo maneno ya mwisho ndo yenyewe, pamoja na tunda. Ukikuta tunda limekwenda zake na ukakasi mkavu umebaki peke yake unakwaruza, waini hiyo haiponi tena, hata uiweke miaka ishirini, kwa sababu tunda halirudi.

Uchachu nao una mambo yake. Watu wanafikiri uchachu unapungua waini ikizeeka, lakini kiasi chake hakibadiliki sana, kinachobadilika ni vile vilivyokuwa vinaufunika. Tunda la ujana likishapungua uchachu unatokeza mbele, ndo maana mwaka wa mavuno kama 1996, ambao ulijulikana tangu mwanzo kwa uchachu mkali, chupa zake nyingi zilibaki kali hivyo hivyo wakati watu wanasubiri zilainike. Kwa hiyo ukionja waini changa ukaona uchachu umeizidi nguvu, usijidanganye kwamba muda utarekebisha.

Halafu urefu, yaani ladha inabaki sekunde ngapi baada ya kumeza au kutema. Wafaransa wana mpaka kipimo chake, caudalie, sekunde moja ni caudalie moja. Mimi nahesabu kweli, kimya kimya, kila glasi. Burgundy ya kawaida unahesabu kidogo tu inakata, ya shamba zuri unaendelea kuhesabu na katikati ya hesabu ladha inageuka, cheri inaondoka, inakuja chai kavu, inakuja kitu cha chumvi chumvi. Urefu hauzeeki haraka kama harufu, kwa hiyo ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote nikiwa na waini isiyotaka kusema kitu.

Na kweli zipo zisizotaka kusema kitu. Hili ni jambo ambalo Burgundy inalifanya na wanunuzi wengi hawalijui, waini inapita kipindi cha kujifunga. Ikitoka tu kwa mzalishaji inanukia vizuri, cheri, rasiberi, waridi, kila mtu anafurahi, halafu miaka michache baadaye unafungua chupa ile ile na hamna kitu, harufu imekimbia, mdomoni imekaza, unadhani umeuziwa mbovu. Mwaka 2005 ulisifika kwa hilo, mavuno mazuri mno lakini tanini nyingi, zikajifunga muda mrefu sana. 2009 ilikuwa laini na wazi tangu ujanani.

Nilifungua waini ya kijiji cha Volnay, ya premier cru, ngazi ya pili kutoka juu, ya mwaka 2005, chupa iliyohifadhiwa vizuri, na nitaeleza ilivyokwenda kwa sababu inaonyesha ninachokisema. Glasi ya kwanza pua haikupata kitu zaidi ya harufu ya mbao kwa mbali na udongo mkavu. Aliyekuwa mezani na mimi akasukuma glasi pembeni akaomba tufungue ingine. Lakini mdomoni palikuwa na uzito katikati ya ulimi, na nilihesabu sekunde nikaona haikatiki, nikamwambia tuiache kwanza. Saa moja baadaye cheri ikaanza kutoka, ile chachu chachu. Saa ya tatu ikawa waridi kavu, maganda ya chungwa, majani ya msituni baada ya mvua, na ukakasi uliokuwa mbele umerudi nyuma. Tulibakiza kidogo chini ya chupa na kesho yake kilikuwa bado kizima. Hiyo ilikuwa imelala tu.

Kutofautisha iliyolala na iliyokufa ndo ujuzi wenyewe. Iliyolala haina harufu lakini ina uzito katikati ya mdomo na ina urefu, ukiipa hewa inapanda. Iliyokufa mara nyingi harufu inayo, tena nyingi, inanuka tofaa lililopondeka na kubadilika rangi, saa ingine mchuzi wa soya, ila ukiiweka mdomoni katikati ni tupu, inaingia na kutoka kama hakuna kilichopita, na ukiipa hewa dakika ishirini inaporomoka kabisa. Ila angalizo, ziko chupa za miaka thelathini au arobaini ambazo ni nzuri ajabu kwa nusu saa tu halafu zinazimika, kwa hiyo waini ya zamani onja kidogo dakika ile ile unapoifungua, usiimimine kwenye jagi ukaiacha. Mimi Burgundy ya zamani simimini kwenye jagi. Naisimamisha chupa wima siku moja au mbili mashapo yashuke, nafungua taratibu maana kizibo cha zamani kinavunjika na kizibuo cha kawaida, namimina bila kuitikisa.

Harufu za uzee zenyewe ni uyoga, ngozi, majani yaliyoloa, tumbaku, nyama ya porini, chai nyeusi. Nzuri zote, mradi tunda liko nyuma yake. Msizichanganye na ubovu. Kizibo kikiwa kimeingiwa na ile kemikali inayoitwa TCA, ambayo nanogramu chache tu kwa lita zinatosha kuharibu chupa, utasikia kadibodi iliyoloa na tunda linakuwa limezimwa, na hiyo hata uipe hewa mpaka asubuhi haiondoki, inazidi. Harufu ya kiberiti kwenye waini changa inaondoka yenyewe kwenye glasi. Harufu ya zizi la farasi inatokana na chachu ya Brettanomyces, na hapa tunatofautiana, wako wanaoipenda wakisema ndo Burgundy ya zamani, mimi naona ikizidi kidogo tu inafuta tofauti ya shamba na shamba, waini za vijiji vya Gevrey na Volnay zinanuka kitu kimoja, na mtu aliyelipia shamba hajalipata.

Maana Burgundy unalipia shamba. Ngazi ni nne, kuanzia chini, ya mkoa, ya kijiji, premier cru na grand cru, na grand cru ziko 33. Yale mashamba madogo wanayoyaita climats yaliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015. Lakini ngazi haikuhakikishii kitu, angalia Clos de Vougeot, shamba la grand cru ndani ya ukuta mmoja, hekta kama 50, wamiliki kama 80 hivi, kila mmoja na mistari yake ya mizabibu na mikono yake, wengine wako juu karibu na ngome, wengine chini karibu na barabara ambako udongo ni mzito na maji hayatoki vizuri. Lebo zote zinaandikwa grand cru. Mimi kwenye Burgundy natanguliza jina la mzalishaji, halafu mwaka, halafu ndo shamba. Na vijiji vinazeeka tofauti, Chambolle-Musigny kwa kawaida inakuwa laini mapema, Gevrey-Chambertin na Nuits-Saint-Georges zina misuli zinahitaji subira, Pommard nayo inakaza kuliko jirani yake Volnay japo mashamba yanapakana.

Na tukiwa kwenye lebo, onja bila kuiona kila ukipata nafasi, funga chupa kwenye karatasi. Mwaka 2008 huko New York ziliwekwa mnadani chupa za shamba la grand cru la Clos Saint-Denis, za mzalishaji Domaine Ponsot, zilizoandikwa miaka ya 1945 mpaka 1971, wakati familia hiyo ilianza kutengeneza Clos Saint-Denis miaka ya 1980. Laurent Ponsot mwenyewe akapanda ndege kwenda kuzuia, na aliyeziuza, Rudy Kurniawan, alikuja kukutwa na hatia ya ulaghai wa waini mwaka 2013. Kabla ya hapo watu waliozoea kunywa waini ghali kuliko zote duniani walikuwa wamekunywa chupa zake nyingi na kuzisifu.

Kwa sisi tunaokaa kwenye joto kuna jambo moja linaharibu hukumu yote. Vitabu vinasema waini nyekundu inywewe kwenye joto la chumba, hicho ni chumba cha Ulaya ya zamani chenye baridi. Dar au Mombasa joto la chumba ni nyuzi 30, Pinot Noir kwenye joto hilo inanuka pombe tu, tunda linaonekana limepikwa, unaisingizia uzee bure. Iweke kwenye friji mpaka ifike kama nyuzi 15 au 16, itapanda yenyewe kwenye glasi. Glasi iwe kubwa yenye tumbo pana, jaza theluthi tu. Na kuhifadhi, nyuzi 12 mpaka 14 bila kupanda na kushuka, gizani, chupa imelazwa. Chupa iliyokaa miaka miwili kwenye kabati juu ya jiko usiniletee uniulize imeiva au bado. Ukiona kizibo kimesukumwa juu au waini imevujia shingoni, ujue imepigwa na joto, iwe ya nani iwe ya mwaka gani.

Anayetaka kujifunza kwa mdomo wake mwenyewe asianze na grand cru. Chukua chupa sita za waini moja ya ngazi ya kijiji, Savigny-lès-Beaune au Marsannay, bei zake bado zinavumilika ukilinganisha na Vosne, fungua moja sasa hivi hata kama ni changa, halafu moja kila baada ya miaka miwili, na kila mara andika ukakasi uko wapi, sekunde ngapi, na saa ya pili kwenye glasi ilikuwaje. Alama za kati ya mia wanazotoa wahakiki sizipendi kwa zoezi hili kwa sababu zinakuambia waini ilivyokuwa siku ile tu. Kama huna mahali pa baridi pa kuziweka basi nunua zilizo tayari, 2017 imefunguka, inanyweka. Kwa za kuweka ningechukua 2019 au 2020, zina tunda la kutosha na tanini za kutosha kufika chupa ya sita. 2021 ilipigwa na baridi kali ya Aprili, mavuno yakawa madogo na waini zake nyekundu ni nyepesi zaidi, nzuri mezani, ila hizo ningezinywa mapema.