Dabi ya kweli: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Timu za soka za mji mmoja zikikutana, tayari ni dabi, yaani mechi ya mahasimu.

Kwa jina, sawa. Viwanja vya Chelsea na Fulham viko jirani kabisa magharibi mwa London, lakini mashabiki wengi wa Chelsea huwaka zaidi wakicheza na Tottenham ya kaskazini mwa London. Fulham ilikaa miaka mingi madaraja ya chini, na timu zisizokutana mara kwa mara hazina cha kudaiana.

Dhana: Zikiwa mbali, hakuna dabi.

Kati ya Brighton, klabu ya pwani ya kusini mwa England, na Crystal Palace ya kusini mwa London kuna kilomita zipatazo 65. Msimu wa 1976/77 zote zilikuwa daraja la tatu zikiwania kupanda, zikakutana mara tano: mbili kwenye ligi, tatu Kombe la FA, maana sare mbili zililazimisha marudiano. Mechi ya tatu ya kombe ndiyo iliyowasha moto. Brian Horton wa Brighton alifunga penalti, mwamuzi akaamuru irudiwe kwa sababu wachezaji waliingia kwenye boksi kabla ya mpira kupigwa. Waliotangulia kuingia ni wa Palace, si wa Brighton! Ya pili kipa akaipangua, Palace wakashinda 1-0. Mechi nyingi kwa muda mfupi, kupanda daraja kukiwa mezani, na dhuluma isiyosahaulika: umbali haukuwa na nguvu mbele ya hayo.

Dhana: Lazima kuwe na tofauti ya dini, siasa au tabaka.

Zinaongeza makali, ila si sharti. Huko Milan, Italia, klabu ya Inter ilizaliwa 1908 kwa kujitenga na klabu ya AC Milan, ugomvi ukiwa juu ya wachezaji wa kigeni. Tangu 1947 timu hizo zinatumia uwanja mmoja, San Siro, na bado ni mahasimu.

Dhana: Dabi kubwa ni ya wanaogombea ubingwa.

Hapa ndipo wengi hupotea. Huko Ujerumani, Bayern na Dortmund ni mechi kubwa iliyokuzwa na makombe. Dabi ya Dortmund ni Schalke ya Gelsenkirchen, mwendo wa kilomita kama 30, ambako mashabiki wa pande zote huchanganyika kazini na hata nyumbani. Kipimo tunachokiamini ni hiki: ondoa mbio za ubingwa, uone kinachobaki. Rangers wa Glasgow, Scotland, walipotupwa daraja la nne mwaka 2012, misimu minne ya ligi ilipita bila Celtic, mahasimu wao wa mji huohuo, kucheza nao. Walipokutana Februari 2015, nusu fainali ya Kombe la Ligi, Rangers walikuwa bado daraja la pili, na uwanja wa Hampden ulifurika.