Arobaini ikishapita, nani anabaki na mama?

Kwa desturi zetu, siku za mwanzo baada ya kujifungua mzazi haachwi peke yake. Mama yake au shangazi anakuja, anamkanda kwa maji ya moto, anampikia mtori au uji wa pilipili manga. Arobaini ikipita, wageni wanafunga mizigo. Mama aliyepanga chumba kimoja mjini anabaki na kichanga na simu, na bado yumo ndani ya zile siku 1,000, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka 2, ambamo ubongo hukua kwa kasi kubwa.

Pengo hilo ni mojawapo ya yanayolengwa na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa nchini Tanzania Desemba 2021. Mtaani utaiona kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepiga hodi, au kwenye kikundi cha wazazi.

Kikao kizuri hakifanani na darasa. Mtoto wa miezi 5 amelazwa chali mkekani, anatoa sauti: "aguu". Mhudumu hamnyanyui, anamwomba mama amtazame usoni, aiige sauti ile, kisha asubiri. Mtoto anakaza macho, anarusha miguu, anajibu. Mama anacheka. Wataalamu tukimdaka mtoto ili tuonyeshe ujuzi wetu, mama ataondoka akiamini kwamba mwanawe huchangamka kwa wataalamu tu. Wala michezo haihitaji fedha: chupa tupu ya maji, punje chache za mahindi, kifuniko kikazwe sawasawa.

Hakuna haja ya kuunda kikundi kipya. Vicoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vinakutana kila wiki. Tengeni nusu saa ya malezi kabla ya kuhesabu hisa. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asisubiri kikao. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mwangalieni na mama. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida, lakini akizidisha wiki 2 akiwa mnyonge, halali hata mtoto akilala, huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, nayo inatibika. "Jikaze, wote tumezaa" haijamponya mtu. Mchukulieni mtoto apumzike, kisha mmsindikize kliniki. Akisema anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Na akina baba? Sheria ya kazi inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata siku 3, ambazo nyingine huishia kwenye foleni za hospitali. Kikundi kinachokutana Jumanne saa nne asubuhi kimeshawafungia mlango. Jaribuni Jumapili jioni.

Kumpata mhudumu wa eneo lako, uliza ofisi ya serikali ya mtaa au siku ya kliniki. Ukiona mtoto anapigwa au ametelekezwa, piga 116, bure.