Gari ya rally si ngumu, jamani

Wiki iliyopita kaja mteja wa nne tangu mwaka uanze. Kijana, IST nyeupe, simu mkononi, na kwenye simu video ileile: Toyota ya Safari Rally inaruka kwenye vumbi la Naivasha, Kenya, inatua, inaondoka kama haikugusa kitu. "Fundi, nitie springi na shokapu ngumu kama hizi. Pesa ipo." Nikamwambia akae kwanza anywe kahawa. Nikaongea dakika arobaini, kijana akaondoka hakununua hata bushi. Mke wangu anasema mimi biashara siiwezi.

Basi naandika, ili wa tano nimtumie hii tu, nami niendelee na kazi.

Itazame tena video yako, lakini uipunguze kasi. Achana na boneti, tazama tairi. Gari ikitua, tairi zinapanda ndani ya madigadi mpaka unadhani zitatokea juu. Bodi inashuka, inafika chini, inapanda mara moja, inatulia. Haidundi tena. Gari ngumu haifanyi hivyo hata siku moja. Gari ngumu inadunda kama mpira wa tenisi, na kila ikidunda tairi iko hewani, na tairi iliyo hewani haishiki breki wala haikati kona. Hizi gari za daraja la juu zilizoanza 2022, sheria yao inaruhusu tairi ipande na kushuka milimita 270, na hapo imepunguzwa, za kabla yake zilikuwa na zaidi. Ya kwako chukua rula ukapime mwenyewe, utacheka.

Springi inabeba, shokapu inatuliza. Hili sitaki kulieleza tena. Toa shokapu zote, gari itabaki imesimama palepale. Toa springi, italala. (Ya gesi inainua kidogo, najua, msinipigie.)

Ninalotaka kukaa nalo ni hili ambalo hata mafundi wenzangu wanalipita mbio. Shokapu ina kazi mbili: inapokandamizwa, na inaporudi. Mteja akisema "ngumu" anafikiria kukandamizwa tu, shimo linapiga, shokapu inakataa. Lakini fundi akiweka shokapu nzito kwenye gari ya kawaida, mara nyingi uzito mkubwa uko kwenye kurudi. Sasa ichukue ile njia ya ndani ya kijiji, mawe ya matumbawe, au udongo uliojikunja kama bati. Tuta la kwanza: tairi inapanda. Kabla haijarudi chini, tuta la pili limefika. Inapanda zaidi. La tatu, la nne. Shokapu inairudisha tairi polepole mno, na gari inazidi kujikalia chini kila mita, mpaka inakalia ile raba ya stopa. Kutoka hapo huna springi wala shokapu, una bodi juu ya raba. Dereva anasikia mgongo unauma, anakuja kwangu anasema nini? "Fundi, bado laini, inagonga chini, niongezee." Wallahi huwa natoka nje nikapige funda la maji.

Dawa yake mara nyingi ni kupunguza, hasa kwenye kurudi. Ukimwambia mtu umempunguzia anaona umemwibia.

Wazee wa baraza nao wana lao. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe Zanzibar, Safari Rally ikitajwa tu, mtu atasema zamani wenyeji walikuwa wakiwapiga Wazungu wa timu za viwanda vya magari kwa sababu gari zao walizifanya chuma kitupu. Nusu ya kwanza ni kweli. Kuanzia 1953, mashindano yalipoanzishwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, mpaka 1971, hakushinda dereva hata mmoja wa kutoka nje. Timu za Ulaya zilikuja na gari mpya, na mafundi wao, zikarudi na vyuma kwenye meli. Wa kwanza kuwavunja mwiko ni Hannu Mikkola, 1972, na Ford Escort.

Nusu ya pili ndiyo inayonichosha. Joginder Singh wa Kenya alishinda 1965 na Volvo PV544 iliyokwishatumika. Angalia neno hilo: iliyokwishatumika. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo, 1979 mpaka 1982, na Datsun. Huyo ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, kazaliwa Uganda, na gari ni ya kiwanda. Sasa mtamweka upande gani? Wenzake kwenye timu nao walikuwa na Datsun, lakini aliyeshinda ni yeye. Chuma ni kimoja. Kilichotofautiana ni mguu: wapi uondoe, wapi uache gari ijiendee yenyewe, wapi usiguse breki kabla ya shimo, maana ukifunga breki pua inashuka, springi za mbele zimeshabanwa, na shimo linakukuta huna pa kupokea. Hili la breki ni la bure kabisa, halihitaji shokapu ya kununua, na kila siku naona watu wanaingia kwenye matuta huku wamekanyaga breki mpaka juu ya tuta.

Kuna chembe ya ukweli kwenye habari ya chuma, lazima niseme. Safari ya zamani ilikuwa ya maelfu ya kilomita kwenye barabara za wazi, na punda na mabasi humohumo. Gari ilibeba ngao mbele, spea juu ya spea, mafuta, vifaa. Ule mzigo unahitaji springi nene ya kuubeba. Kwa hiyo springi zilikuwa nzito, ndiyo, kwa sababu gari ilikuwa nzito. Mwenye gari ya abiria anayeongeza jani la springi yuko sahihi kwa hoja hiyohiyo. IST yenye kijana mmoja na spika haina mzigo huo. Na pamoja na chuma chote hicho, 1963 na tena 1968 zilifika mwisho gari saba tu.

Mnataka mfano wa karibuni? 2021, Safari imerudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Thierry Neuville wa Hyundai anaongoza kwa karibu dakika nzima. Jumapili asubuhi, kwenye kipande cha Loldia, shokapu ya nyuma inakufa, safari yake imeisha hapo. Sébastien Ogier, aliyeshinda, naye Ijumaa alikuwa amepoteza muda kwa shokapu. Hizo ni shokapu ambazo bei yake sitaki hata kuiwaza. Nyuma yao, wa saba, wa nane na wa tisa ni Wakenya: Onkar Rai, Karan Patel, Carl Tundo, gari zao za daraja la chini. Shokapu inakufa kwa joto. Kazi yake yote ni kugeuza mtikisiko kuwa moto. Mafuta yakichemka yanafanya povu, povu halizuii kitu. Ukiifanya ngumu zaidi hujaiokoa, umeiongezea moto.

Nami sijatoka safi. Miaka ya nyuma nilimtilia jamaa yangu springi ngumu kwenye Noah ya kupeleka wageni Nungwi. Aliomba, nikampa, nikapokea pesa. Haukupita muda pale juu shokapu inapofungwa pakapasuka, bati limefunguka kama kopo. Shimo lilikuwa lilelile la siku zote. Nilikuwa nimeondoa kilichokuwa kikilipokea, likaenda kupokelewa na bodi. Nilichomelea bila kumtoza na bado kwenye harusi hukaa mbali nami.

Na lile la kubonyeza boneti, kuhesabu inadunda mara ngapi, nalifanya mbele ya wateja kwa sababu wasipoliona hawaamini. Linakuonyesha shokapu iliyokwishakufa, basi. Ile inayoelekea kufa haisemi kitu. Kurekebisha kurudi kwa shokapu, vitabu vina hesabu zake, nazitumia kuanzia, halafu nakaa kwenye gari, natafuta njia mbovu, nasikiliza kwa makalio. Siku nimelala vibaya naharibu. Kuna gari nimeirudia mara tatu, na ya tatu ikawa sawa na ya kwanza.

Kwa hapa kwetu, kabla ya ngumu na laini, pitisha ukucha kwenye shafti ya shokapu. Chumvi ya bahari inatoboa vidoti vya kutu, kila kidoti kinakata sili kidogo kidogo, mafuta yanatoka. Ukucha ukikwama, njoo tubadilishe. Ukiteleza, shokapu ni nzima kwa hapo. Angalia upepo wa tairi, huenda mtu amekujazia mpaka zimekuwa mawe.

Kijana wa IST, zako zilikuwa na upepo wa kutosha tairi mbili za lori.