Matone ya polio hayaharibu uzazi

Dai kwamba matone ya polio huharibu uzazi ni la miaka mingi, na mwaka 2003 lilipata nguvu ya kisiasa pale Jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, liliposimamisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa. Hofu hiyo, tukubali, haikuzuka hewani: mwaka 1996 kampuni ya Pfizer iliwafanyia watoto wa Kano majaribio ya dawa ya homa ya uti wa mgongo, yakazua kesi na manung'uniko yaliyodumu.

Hata hivyo, chanjo yenyewe haigusi uzazi. Matone mawili yanayodondoshwa kinywani mwa mtoto yana virusi vya polio vilivyodhoofishwa, ambavyo huongezeka utumboni kwa wiki chache na kuufundisha mwili kujikinga. Wengi waliopewa tangu miaka ya 1960 leo wana watoto na wajukuu.

Kano ilirejea kuchanja mwaka 2004, kwa matone yaliyotengenezwa Indonesia. Virusi vilikuwa vimekwishavuka mipaka, na mwaka 2005 vile vyenye asili ya Nigeria vikapooza watoto huko huko Indonesia.